Ukimya wa Anayewindwa: Usemi na Jina katika Filamu ya First Blood

Filamu ya First Blood (1982), iliyoongozwa na Ted Kotcheff kutokana na riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972, hukumbukwa zaidi kwa mwili wa mhusika wake mkuu: misuli, kisu na mbinu za msituni. Makala hii inahoji kuwa kiini cha mgogoro wake ni lugha. John Rambo (Sylvester Stallone), askari wa kikosi maalumu cha Marekani aliyerejea kutoka Vita vya Vietnam, anawindwa pale usemi wake unapokosa msikilizaji, na uwindaji unakoma pale anapompata msikilizaji mmoja. Hata hivyo, usikivu huo una mipaka ambayo haina budi kubainishwa.

Onesho la kwanza ni muhimu katika hoja hii. Rambo anafika katika nyumba iliyo kando ya ziwa kumtafuta mwenzake wa vitani, Delmar Berry. Hapo si mtu wa kimya: anatabasamu, anajieleza, anaonyesha picha ya kikosi chao. Anajibiwa kwamba Delmar amekwishafariki kwa saratani iliyotokana na kemikali iliyonyunyizwa Vietnam. Tangu hapo maneno yake yanapungua. Ukimya wake, basi, si hulka, bali ni matokeo ya msiba.

Katika mji wa Hope, ambao jina lake lina maana ya ‘tumaini’, Sherifu Will Teasle (Brian Dennehy) anamhukumu kwa koti la kijeshi na nywele ndefu kabla ya kumsikiliza. Mazungumzo yao garini yanaafikiana na hoja ya J. L. Austin kuwa kusema ni kutenda. Kwa umbo, maneno ya Teasle ni ya mtu anayetoa msaada wa usafiri; kwa utendaji, ni amri ya kufukuza. Rambo anapouliza mahali pa kula, anaelekezwa nje ya mji. Katika kituo cha polisi, kukataa kwake kujibu kunafasiriwa kuwa ukaidi, na wembe unaosogezwa usoni mwake unamrudisha katika mateso aliyoyapata alipokuwa mfungwa wa vita. Hata jina lake halitoki kinywani mwake. Linasomwa kwenye kibati cha utambulisho alichovaa shingoni.

Msituni anajaribu tena kusema. Galt, msaidizi wa sherifu, anaanguka kutoka kwenye helikopta na kufa baada ya Rambo, aliyekuwa akipigwa risasi, kuirushia helikopta hiyo jiwe. Rambo anajitokeza, mikono juu, na kueleza kwamba mtu mmoja amekwishakufa na kwamba hataki madhara zaidi. Anajibiwa kwa risasi. Kuanzia hapo mitego inachukua nafasi ya maneno. Kanali Trautman (Richard Crenna) anafaulu kumfikia kwa redio kwa sababu anawaita askari wa kikosi chao kwa majina. Rambo anamjibu kwa neno la heshima ambalo Kiswahili cha jeshini kingelitafsiri ‘afande’, kwamba wote wamekufa.

Usemi mrefu wa mwisho ndio kilele. Sentensi zinakatika, njeo zinachanganyika, na kumbukumbu ya rafiki aliyelipuliwa Saigon inavamia malalamiko ya mtu asiyepata hata kazi ya kuegesha magari. Baadhi ya maneno hayasikiki vizuri, na hiyo ni sehemu ya maana yake: lugha sanifu ingemsaliti msemaji. Katika riwaya, Trautman anamuua Rambo. Katika filamu anamkumbatia. Mwisho wa kifo ulipigwa picha, kisha ukaachwa. Kwa mantiki ya filamu yenyewe, uamuzi huo unakubalika, kwa kuwa aliyekwisha kusikilizwa hahitaji tena kuwindwa.

Lakini ni nani asiyesikilizwa? Katika usemi huo, Mvietnam anayeonekana waziwazi ni mtoto mng’arisha viatu mwenye kisanduku kilichotegwa bomu. Hana jina, na anachosema ni ombi la kung’arisha viatu tu. Filamu inayodai haki ya kusikilizwa kwa majeruhi mmoja inawanyima haki hiyo watu ambao nchi yao ndiyo iliyoteketezwa. Kemikali iliyomuua Delmar ilimwagwa juu ya mashamba na misitu yao.

Mwendelezo wa mwaka 1985 uliongeza pengo hilo: Rambo anarudi Vietnam na bunduki, na kilio kinageuka kisasi. Jina lake lilisafiri kwa sura hiyo ya pili. Katika Kiswahili, silabi zake, ra-mbo, hazikuhitaji urekebishaji wowote. Nchini Tanzania likawa nomino ya kawaida: mfuko wa rambo, yaani mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa, ambao ulipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Katika matumizi hayo hakuna mabaki ya mtu aliyelia mbele ya kanali wake. Uhakiki wa filamu ya mwaka 1982 unapaswa kukirejesha kilio hicho, na papo hapo kuuliza kuhusu sauti ambazo filamu yenyewe haikuzirekodi.