Dawa ya meno kwenye kioo cha taa: ushauri ulioishia njiani

Bila shaka umeshausikia: taa za gari zikififia na kuwa njano, paka dawa ya meno, sugua, futa, zinarudi kama mpya. Wengine wanaongezea petroli kidogo, au thina. Tuupime ushauri huu kwa haki, maana una ukweli ndani yake.

Kwanza, jina linatupoteza. Tunasema "kioo cha taa", lakini magari mengi ya siku hizi hayana kioo pale. Ni plastiki iitwayo polikaboneti: ngumu kuvunjika, rahisi kukwaruzika, na jua huichosha. Ndiyo maana kiwandani hupakwa utando mwembamba wa kinga. Jua na vumbi vikishaula utando huo, ukungu unaanza.

Dawa ya meno ina chembe ndogo za kusugulia. Zinasawazisha mikwaruzo, mwanga unapita vizuri zaidi. Hapo ushauri uko sahihi. Tatizo ni kwamba unaondoa pia mabaki ya kinga, halafu unaiacha plastiki tupu juani. Taa inang'aa leo, baada ya muda inarudi njano.

Utaambiwa, "Mbona hata madirisha ya ndege yanasuguliwa?" Kweli, yanasuguliwa: msasa laini, kisha laini zaidi, mwisho dawa ya kung'arishia. Lakini dirisha la ndege kwa kawaida ni akriliki, plastiki nyingine kabisa. Inastahimili jua vizuri zaidi, na ukiondoa tabaka lililochakaa unakuta akriliki ileile, nzima. Hata hivyo fundi hasugui atakavyo. Ndege ya abiria ikiwa juu, hewa ya ndani inalisukuma dirisha kwa nje, kwa hiyo unene uliobaki lazima upimwe. Ukishuka chini ya kiwango cha mtengenezaji, dirisha linabadilishwa.

Kuhusu petroli na thina, huo ni ushauri mbaya, basi. Vimiminika hivi vinaweza kuacha nyufa ndogondogo ndani ya plastiki, kama utando wa buibui, na hakuna msasa utakaozifuta zikishaingia ndani. Kwenye akriliki ya ndege hata dawa za kusafishia vioo zenye amonia haziruhusiwi.

Kwa nini tulikalie jambo hili? Barabara kuu inayopita Ushirombo, kutoka Kahama kuelekea Runzewe hadi mpaka wa Rusumo, ina malori, na pembeni yake kuna watu wa miguu, baiskeli na bodaboda. Taa yenye ukungu inamulika kidogo, na mwanga inaoutoa inautawanya, mwingine machoni mwa dereva anayekuja. Mwenye baiskeli anaonekana akiwa ameshakaribia mno.

Ukitaka kazi ya maana, osha taa kwa maji mengi na sabuni kwanza, maana mchanga ulio kwenye vumbi ni mgumu kuliko plastiki. Kisha msasa wa maji, namba 800, 1500, halafu 2000. Ng'arisha, malizia na vanishi angavu ya magari yenye kinga ya jua. Kama ukungu uko upande wa ndani, kusugua nje hakutasaidia.

Siku ukipeleka gari gereji, muulize fundi swali moja tu: "Ukimaliza kusugua, juu yake utapaka nini?"