Neno "Gift": Asili Moja, Maana Mbalimbali

Ajifunzaye Kiswidi hukutana mapema na neno gift, lenye maana ya "aliyeoa au kuolewa" na pia "sumu". Wapo wasemao kuwa huo ni ushahidi kwamba watu wa Skandinavia waliiona ndoa kuwa sumu. Hoja hiyo yachekesha, lakini haina msingi. Nayo yafaa ichunguzwe, kwani kosa lake huingia hata katika ufundishaji wetu wa maana.

Mzizi wa neno hili ni kitenzi cha "kupa": give kwa Kiingereza, geben kwa Kijerumani, ge kwa Kiswidi. Kutoka hapo njia ziligawanyika. Njia moja ni ya ndoa, yaani binti kutolewa na wazee wake. Katika Kiingereza cha Kale, gift lilikuwa na maana ya mahari. Na hata leo Mjerumani huita Mitgift ile mali aendayo nayo bibi arusi. Njia ya pili ni ya utabibu. Neno la Kigiriki dosis, "utoaji", lilitumika pia kwa kipimo cha dawa. Wajerumani walilifasiri kwa gift, likawa tafsida ya sumu, kama nasi tusemavyo "amelishwa kitu". Maana hiyo ndiyo iliyoazimwa na Waskandinavia. Waingereza na Waholanzi, kwa upande wao, wamebaki na gift la zawadi.

Basi, katika Kiswidi "sumu" haikuzaliwa na "ndoa". Ni ndugu waliolelewa mbalimbali, kisha wakakutana nyumba moja.

Kiswahili kina mfano wa kinyume. Baba huoza binti. Embe nalo huoza. La kwanza ni oa katika kauli ya kutendesha. La pili lina mzizi wake lenyewe. Afuataye umbo tu atadai kwamba Waswahili huiona ndoa kuwa uozo!

Funzo kwa watunga kamusi ni kwamba umbo halitoshi kuamua, wala asili peke yake haitoshi. Oza ni maneno mawili tangu mwanzo. Gift la Kiswidi lilikuwa moja, lakini leo moja ni kivumishi na jingine ni nomino, tena maana zake zimeachana. Kwa hiyo nalo lastahili kuorodheshwa mara mbili. Historia ya neno ielezwe, lakini isichukuliwe kuwa ndiyo fikra ya wasemaji wake.