Mwaka Kogwa wa Makunduchi: Ngoma Imebaki, Hesabu Inapotea

Kila ifikapo Julai, picha za Makunduchi huwafikia Wazanzibari walioko Maskati, Dubai, London na Toronto. Vijana waliovaa mavazi ya mzaha wanapigana kwa migomba, wanawake wanaimba kandoni, na kibanda cha makuti kinawaka moto huku watu wakimshangilia mtu aliyetoka ndani. Baada ya picha huja ubishi. Mmoja atasema sikukuu hii ni ya Waajemi na ndiyo ushahidi kwamba wazee wa Unguja walitoka Shiraz. Mwingine atasema ni mila ya Kiafrika tupu, na jina la Kiajemi limebandikwa tu. Wa tatu atasema yote hayo ni ushirikina, na yafaa yaachwe.

Makala haya hayakusudii kumpa ushindi yeyote kati ya hao watatu. Tunalotaka kulionesha ni kwamba wengi walioandika juu ya Siku ya Mwaka, wageni na wenyeji, wameitazama ngoma wakaiacha hesabu. Na hesabu ndiyo yenye thamani kubwa zaidi kwa taarikhi yetu, nayo ndiyo iliyo karibu kupotea.

Tuanze na yanayofanyika. Makunduchi iko kusini ya Unguja, na wenyewe huiita sikukuu yao Mwaka Kogwa, yaani kuoga mwaka. Kwa desturi watu hukoga baharini, uchafu wa mwaka uliopita ukaondoka na maji. Pande mbili za mji, kusini na kaskazini, hukutana uwanjani na kupigana, na pigano likimalizika, kinyongo cha mwaka mzima kinahesabiwa kuwa kimekwisha. Wanawake huimba nyimbo ambazo siku nyengine zingeleta ugomvi. Kibanda huchomwa moto. Kisha watu hula, na nyumba isiyopata mgeni siku hiyo huiona bahati yake ndogo. Shughuli huendelea kwa siku nne.

Maji, moto, pigano na mgeni: kila kimoja kina kazi yake katika mji wa mashamba na uvuvi ambao watu wake hawawezi kuhamana. Waliogombana kwa mpaka wa shamba au kwa mbuzi aliyekula mihogo watakutana kesho kisimani na keshokutwa msikitini. Inafaa iwepo siku ya kuyamaliza.

Sasa tuwatazame waliotuandikia khabari hizi. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza, aliitaja Siku ya Mwaka katika kitabu chake cha lugha ya Kiswahili cha 1870. Alieleza kuzimwa kwa mioto na kuwashwa upya, na akasema kwamba zamani magomvi yalipiganwa siku hiyo, na hata aliyeua hakuulizwa. Maneno hayo ya mwisho yamenukuliwa mara nyingi kama kwamba aliyaona kwa macho yake. Hakuyaona. Aliyapokea mjini kuwa ni mambo yaliyopita, na watu wa mji hupenda kuwasimulia wageni ukali wa watu wa shamba. Msomaji wa leo afanye hadhari. Lakini Steere huyo huyo aliandika jambo ambalo waliomfuata hawakulijali sana: aliueleza mwaka wa mabaharia na wakulima kuwa ni wa siku 365, uliogawanywa kwa makumi. Hapo alitupa dhahabu, nasi tukashughulika na hadithi ya damu.

Richard Burton, katika kitabu chake cha 1872 juu ya Zanzibar, aliigusa siku hiyo kwa ile kejeli yake ya kawaida. W. H. Ingrams, mtumishi wa serikali ya kikoloni, aliandika kwa upole zaidi katika kitabu chake cha 1931, lakini naye alikuwa na hamu kubwa ya kutafuta asili: nini kimetoka Uajemi, nini kimetoka Bara, nini kimetoka Arabuni. Sir John Gray, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, aliandika makala mazima juu ya Nairuzi katika miaka ya 1950, na ndiye aliyeichukulia hesabu kwa uzito. Baadaye Odile Racine, katika mkusanyiko uliohaririwa na David Parkin mwaka 1994, aliitazama Makunduchi kwa ajili ya Makunduchi yenyewe. Hilo lilikuwa badiliko jema.

Hamu ya asili haikubaki vitabuni. Neno Shirazi liliingia katika siasa na likawa sehemu ya jina la chama cha Afro-Shirazi mwaka 1957. Tangu hapo mtu hawezi kusema Nairuzi bila ya msikilizaji kujiuliza anasimama upande gani. Sikukuu ya watu wa shamba imegeuzwa shahidi katika kesi ambayo haikuifungua.

Hesabu yenyewe inatutoa katika kesi hiyo. Mwaka wa Makunduchi ni wa siku 365 kamili, hauna siku ya ziada ya kila mwaka wa nne. Siku hizo ni makumi 36, kila kumi likiitwa mwongo, na zinabaki siku tano. Leo tunaposema mwongo tunakusudia miaka kumi, lakini baharia na mkulima walikusudia siku kumi. Kwa kuwa mwaka huu hauongezwi siku, kwenye kalenda ya Kizungu hurudi nyuma siku moja kila baada ya miaka minne, karibu siku 24 au 25 kwa karne. Katika miaka ya 1860, zama za Steere, Mwaka uliingia katika nusu ya pili ya Agosti. Katika miaka ya 1990 uliingia kiasi cha tarehe 23 au 24 Julai. Sasa, kwa hesabu, umeshafika katikati ya Julai. Vitabu vya watalii vinavyoendelea kuchapisha tarehe ya miaka ya 1990 vimeisimamisha saa inayokwenda.

Tukirudi nyuma zaidi, Ahmad bin Majid wa Julfar, mwalimu wa mabaharia, alipoandika kitabu chake cha Fawaid mwishoni mwa karne ya 15, alizitaja nyakati za kusafiri kwa siku za Nairuzi: siku ya ngapi jahazi itoke, siku ya ngapi bahari ifungwe. Wakati huo Nairuzi iliingia katikati ya Novemba, kaskazi inapoanza kuvuma. Leo inaingia katikati ya kusi.

Kutokana na hayo tunapata mambo mawili. La kwanza, wote wanaoeleza kwamba Mwaka Kogwa asili yake ni sikukuu ya mavuno, au ya mwanzo wa mvua, au ya msimu wowote ule, wamekosea. Siku hii haikukaa katika msimu mmoja. Kwa muda wa karne tano imetembea kutoka Novemba hadi Julai. Anayeitumia haambiwi na siku yenyewe kwamba sasa ni wakati wa kupanda. Huhesabu kutoka hapo, mwongo baada ya mwongo, na hesabu husogezwa kadiri vizazi vinavyopita. Mwaka ni kigingi cha kuanzia kamba.

La pili ni juu ya asili. Jina ni la Kiajemi, na hesabu ya siku 365 bila ya nyongeza ni ya Uajemi wa kale. Lakini Waajemi wenyewe waliitengeneza kalenda yao mwaka 1079, zama za Sultani Malik Shah, Umar Khayyam akiwa mmoja wa wanajimu waliohusika, wakaifunga Nairuzi yao na mwanzo wa machipuko, mwezi wa Machi. Makunduchi haikufuata. Inaendelea na hesabu iliyokuwa ikitumika baharini, na bahari ilikuwa ya Waarabu, Waajemi, Wahindi na Waswahili kwa pamoja. Kalenda husafiri chomboni kama tende na mboriti. Anayehesabu Januari na Februari hakuwa Mrumi kwa kuhesabu huko. Basi Nairuzi inathibitisha kwamba watu wa kusini ya Unguja walikuwa ndani ya dunia ya Bahari ya Hindi, wakijua yanayojuliwa na manahodha wengine. Haithibitishi damu ya mtu yeyote, wala haimkanushi mtu yeyote nasaba yake.

Ndugu zetu wanaoishi Oman na Imarati wanaweza kulihakikisha hili bila ya kusafiri. Wazee wa huko wanayo hesabu ya durur, inayoanza inapoonekana nyota ya Suheli, katikati ya Agosti. Nayo ni makumi 36, yakikusanywa katika mia tatu na sitini, kisha siku tano za mwisho. Mwanzo wake umefungwa na nyota, ndiyo maana hautembei kama Mwaka wetu, lakini mgawanyo ni ule ule. Sababu nayo ni moja: mwaka wa Hijria una siku 354 au 355 na huzunguka misimu yote katika miaka kama 33. Ni mwaka wa ibada, nao hauwezi kumwambia mvuvi lini upepo utageuka. Kwa hiyo watu waliutumia mwaka wa mwezi kwa Ramadhani na Hija, na mwaka wa jua kwa bahari na shamba, na hawakuona mgongano.

Hili liwafikie pia wanaouona Mwaka Kogwa kuwa ni uzushi. Kuna ulamaa wanaopinga baadhi ya yanayofanyika pale, khasa mambo ya kibanda na mizimu, na hoja zao zina haki ya kusikilizwa. Lakini hesabu ya siku si ibada. Mwenye kuuacha moto wa kibanda hana haja ya kuiacha na elimu ya miongo.

Hatari ya leo, kwa maoni yetu, haitoki kwa ulamaa. Inatoka kwenye jukwaa. Katika miongo ya karibuni sikukuu hii imeingizwa katika utalii, ikapata mgeni rasmi, hotuba, na muziki wa usiku. Fedha zinazoingia Makunduchi ni halali ya watu wa Makunduchi, na sisi tulio mbali hatuna haki ya kuwataka wabaki maskini ili picha zetu zipendeze. Lakini jukwaa linataka tarehe inayomfaa mgeni, na hesabu haimjui mgeni. Siku 365 ni wiki 52 na siku moja, kwa hiyo Mwaka ukiingia Jumamosi, unaofuata lazima uingie Jumapili, na wazee waliuita mwaka kwa siku ulioingilia: mwaka Jumaa, mwaka Alkhamisi. Ikisogezwa mara moja tu ili iangukie mapumziko ya wiki, mnyororo uliotoka zama za Ibn Majid umekatika, na hakuna atakayejua pa kuuunga. Pigano likikosa mwaka huu litapiganwa mwakani. Hesabu ikipotezwa hairudi.

Kazi iliyopo ni ya kawaida na iko ndani ya uwezo wetu. Familia nyingi zilizohama zilibeba karatasi: barua za biashara, hati za mashamba, ruznama za majahazi. Baadhi ya tarehe za karatasi kama hizo huandikwa kwa siku za Nairuzi pamoja na Hijria. Mwenye nazo azitazame tena, aandike tarehe zote mbili, azipeleke kwa wanaohifadhi. Na mwenye mzee Makunduchi, Jambiani au Bwejuu anayejua kuhesabu mwongo, asimuulize tena asili ya Washirazi. Amuulize leo ni siku ya ngapi ya Mwaka, na amejuaje.