Chuma Kisihame Mahali Pake

Kila chupa ya damu anayoongezewa mgonjwa wa selimundu humwingizia miligramu 200 hadi 250 za chuma. Mwili hauna njia ya kukitoa kwa wingi. Kwa siku hupoteza miligramu moja au mbili tu. Kinachobaki hujilundika kwenye ini, moyo na tezi. Upanga, kwenye hospitali ya Muhimbili, ambako mpango wa utafiti wa selimundu ulianza mwaka 2004, hesabu hiyo ina sura za watoto.

Kukiona chuma hicho kwa macho ni kazi ya mikono. Kinyama cha ini kilichotolewa kwa sindano, chembamba kama uzi, hulazwa kwenye fomalini, huondolewa maji kwa alkoholi, kisha hushibishwa nta. Mtaalamu wa maabara hukikata vipande vya unene wa maikroni 3 hadi 5. Unywele ni mnene zaidi ya mara kumi. Vipande hutoka vimeshikana kama utepe. Huupokea kwa brashi, huuelesha kwenye maji ya uvuguvugu mpaka ujinyooshe, kisha huuopoa kwa kioo. Nauheshimu sana utulivu wa hatua hiyo, kwa sababu pumzi tu yaweza kuukunja.

Halafu huja rangi ya Max Perls, iliyoelezwa Ujerumani mwaka 1867: asidi na ferosayanaidi ya potasiamu, na chuma cha akiba hugeuka buluu. Chuma kilichofungwa ndani ya hemoglobini hakigeuki, hivyo chembe nyekundu za damu kwenye kioo kilekile hazishiki buluu. Lakini kutu ya kibanio kimoja huandika buluu ya uongo. Ndiyo maana mtaalamu makini hushika kibanio cha plastiki na kuosha vyombo kwa maji yaliyotoneshwa.

Rangi hujibu swali moja. Asiyejua atafute nini, shaba au silika ya pafu la mchimba madini, huhitaji hadubini ya elektroni. Elektroni za mashine hung'oa elektroni ya ndani ya atomu. Ya nje ikishuka kuziba pengo, hutoka eksirei yenye nguvu maalumu ya elementi hiyo: kalsiamu kiloelektronivolti 3.7, chuma 6.4. Mwanafizikia Moseley aliuonyesha mpangilio huo mwaka 1913, na mwenzake Castaing akaeleza chombo cha kuupima Paris mwaka 1951. Hapa pia mkono ndio unaoamua. Maji ya kuandalia kinyama huchukua sodiamu na potasiamu kabla hazijapimwa. Osmiamu ya kukolezea picha husomeka karibu mno na fosforasi. Wavu wa shaba unaobeba kinyama hujitangaza wenyewe, na mashine haitofautishi shaba ya wavu na shaba ya mgonjwa.

Ukiwa kwenye benchi Upanga ukaambiwa majibu ya kinyama urudi wiki ijayo, usimkasirikie aliyekwambia. Kinyama chako kiko kwenye nta, na kuna mtu anakikata.