Umri wa Tairi Hauko Kwenye Kashata

Kashata nene humfurahisha mnunuzi, lakini fundi tairi aliyekomaa humtia shaka. Akiletewa tairi la lori lenye mifereji mirefu na bei ya chini, jambo la kwanza analotaka kujua ni lilikuwa wapi miaka yote hiyo. Kashata husema kilomita zilizokwenda. Miaka haisemi, na mpira huzeeka hata ukiwa umelala stoo.

Nimekaa sana na mafundi wa kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, kuanzia Chalinze hadi Makambako, na kadiri ninavyowatazama ndivyo ninavyoona kazi yao inadharauliwa bure. Tunawakumbuka tairi likishatoa upepo. Kumbe sehemu nzito ya kazi hufanyika kabla, tairi likiwa bado chini, mteja ana haraka na mzigo unasubiriwa mpakani.

Kazi huanza na namba. Ubavuni mwa matairi mengi kuna herufi DOT, za wizara ya uchukuzi ya Marekani, ambazo viwanda vya nchi nyingi huzichapa. Hufuatwa na msururu wa herufi na tarakimu, na nne za mwisho ndizo zinazotafutwa. Ikiandikwa 3214, tairi lilitoka kiwandani wiki ya 32 ya mwaka 2014. Kabla ya mwaka 2000 tarakimu zilikuwa tatu tu, hivyo 328 inaweza kuwa wiki ya 32 ya 1998 au ya 1988. Fundi hapotezi muda kutafuta ni ipi kati ya hizo mbili, kwa kuwa tairi la tarakimu tatu limevuka robo karne, iwe iwavyo. Na bado yapo, hasa kwenye matrela yaliyosimama uani miaka na miaka, na kwenye spea zilizofungwa chini ya chesisi zikasahaulika. Spea ndiyo hudanganya kuliko yote. Kashata zake ni mpya kabisa, na huenda ndiyo kongwe kuliko matairi yote ya lori hilo.

Kuisoma hiyo namba nako ni kazi. Tarehe kamili mara nyingi huchapwa upande mmoja tu wa tairi, na matairi ya nyuma ya lori hukaa mawili mawili, kwa hiyo upande wenye tarehe unaweza kuwa umejificha ndani kabisa. Pale Makambako nilimtazama mzee mmoja akitandika gunia chini ya Scania 113, akaingia chali na tochi ya simu na kitambaa chenye maji. Alifuta tope taratibu, akapitisha kidole juu ya ubavu mpaka kikagusa maandishi, ndipo akaleta taa, tena kwa ubavu, ili kivuli kiziinue tarakimu. Dereva alikuwa amechuchumaa nje.

"Mzee, si bado lina kashata hilo?"

"Kashata linazo, kijana wangu. Lakini lina miaka kumi na mitatu."

"Basi nilifunge mbele nifike nalo Mbeya tu."

"Mbele silifungi. Njoo uone mwenyewe."

Akamwonyesha chini ya mifereji, si juu ya kashata. Humo ndimo mpira unamokunjwa kila gurudumu linapozunguka, na humo ndimo nyufa za umri hujitokeza mapema. Zilikuwa nyembamba, zimeshikana kama tope la mbuga lililokauka. Akabonyeza bega la tairi kwa ukucha wa gumba na ukucha haukuacha alama. Mpira wenye uhai hubonyea kidogo, kisha hurudi.

Kinachoutendea mpira hivyo ni hewa yenyewe. Oksijeni huufanya mgumu polepole, na ndani ya tairi lililojazwa upepo mwingi oksijeni hiyo husukumwa kupenya hadi kwenye tabaka za waya. Joto huharakisha kila kitu, ndiyo maana tairi lililoanikwa juani pwani halilingani na lililokaa kwenye ghala lenye giza na ubaridi, hata kama yana tarehe moja. Ozoni hushambulia kutoka nje. Viwanda huchanganya nta na dawa ndani ya mpira ili zijitokeze juu na kuukinga, lakini zinajitokeza vizuri tairi linapotembea na kukunjwakunjwa. Lori likisimama, kinga hiyo hupungua. Kwa hiyo lori la kazi chache, lile ambalo mwenyewe hujisifu kwamba amelitunza, linaweza kuwa na matairi yaliyochoka kuliko la kila siku. Mafundi makini hawarundiki hata matairi mapya karibu na mashine ya kuchomelea, maana cheche zake za umeme huzalisha ozoni.

Namba, basi, ndiyo mwanzo wa uchunguzi. Michelin hushauri tairi likaguliwe na mtaalamu kila mwaka baada ya miaka 5 ya kutumika, na liondolewe likifika miaka 10 tangu kutengenezwa hata kama linaonekana zima. Uingereza waliufikia mwaka huo wa kumi kwa uchungu. Septemba 2012, basi lililotoka kwenye tamasha la muziki liliacha njia karibu na Hindhead baada ya tairi la mbele kupasuka, wakafa watu watatu, akiwemo kijana wa miaka 18, Michael Molloy. Tairi lilikuwa na miaka 19 na ushee, limemzidi umri, na hakukuwa na sheria iliyolikataza kuwa barabarani. Mama yake, Frances Molloy, alipigania jambo hilo kwa miaka, na tangu tarehe 1 Februari 2021 matairi yaliyozidi miaka 10 yamepigwa marufuku kwenye ekseli ya mbele ya malori na mabasi huko. Yule mzee hajawahi kuisoma sheria hiyo. Aliyokataa yeye ni yaleyale.

Mbele hakuna pacha wa kushika mzigo tairi likibasti, na usukani humtoka dereva mikononi. Lakini nyuma nako fundi mzuri habahatishi. Hulitoa tairi kwenye rimu, akaingiza mkono ndani na kuupapasa ubavu mzunguko mzima. Tairi lililotembezwa upepo ukiwa mdogo huacha mstari wa mikunjo, rangi iliyofifia, wakati mwingine unga wa mpira uliosagika. Waya za ubavu zikishachoka hivyo, zinaweza kukatika mfululizo wakati wa kujaza upepo, ubavu ukafunguka wote kwa mara moja. Kanuni ya kazi ni kwamba tairi lililotembea na upepo wa asilimia 80 au pungufu ya kiwango chake lichukuliwe kuwa limetembea tupu, likaguliwe ndani kabla ya kuguswa na kompresa. Kwenye malori ya zamani yenye tyubu, flapu na rimu za ringi, hatari ni maradufu, kwa kuwa ringi isiyokaa sawasawa huruka. Fundi anayejiheshimu hujazia ndani ya kizimba au hufunga mnyororo, husimama mbali na mpira mrefu wa upepo, na hamruhusu utingo kusogea.

Kuchagua tairi la kuweka badala yake kuna hesabu yake. Rimu ya inchi 20 haipokei tairi la 22.5, hata lipigwe nyundo vipi. Anayetaka kuacha tyubu abadili rimu pia, na hapo 10.00R20 huachia nafasi 11R22.5, na 11.00R20 huachia 12R22.5. Kisha kuna uwezo wa kubeba. Tairi la 12R22.5 lenye alama 152/148 hubeba kilo 3,550 likiwa peke yake na 3,150 likiwa na pacha. Namba ya pili ni ndogo kwa sababu mapacha hawagawani mzigo sawasawa siku zote. Hapo ndipo penye kosa la kawaida la kumfunga mpya na mkongwe pamoja, yule mrefu akabeba karibu kila kitu, akachemka. Mzee wa Makambako alipima mapacha kwa ubao ulionyooka, akarudisha moja dukani.

Dereva alikubali mwishoni, kwa kunung'unika, akanunua mawili ya mwaka uliopita. Mzee aliyafunga yote mawili upande wa tarehe ukitazama nje, hata ikamlazimu kugeuza tairi upya juu ya rimu, ili fundi wa mbele ya safari azisome namba akiwa amesimama.