Kwa Nini Bomba Linalopanda Lipunguzwe

Chukua chumba cha baridi chenye koili chini na kompresa juu ya paa. Bomba la kopa linalorudisha gesi lina inchi 1⅛ kwa kipimo cha nje, na gesi inapita humo kwa mita 3 kwa sekunde. Bomba likiwa limelala, kasi hiyo inatosha. Likianza kupanda, haitoshi tena, na hapo ndipo fundi mjuzi anapoweka redyusa, yaani kiungo cha kupunguza bomba, ya kushuka hadi inchi ⅞.

Sababu ni oili. Kompresa ikizunguka, oili kidogo hutoka pamoja na gesi. Njiani hutambaa kwenye ukuta wa bomba, na kinachoipandisha ni msukumo wa gesi tu. Mafundi hulenga angalau mita 5 hivi kwa sekunde penye kupanda, na nusu yake penye kulala. Kasi ikipungua, oili hubaki chini, na kompresa hukauka hadi vyuma vinasagana.

Fanya hesabu. Kopa ya inchi 1⅛ ina nafasi ya ndani ya milimita 26 hivi. Ya ⅞ ina karibu 20. Zidisha kila kipenyo kwa chenyewe: 676 na 400. Gawa ya kwanza kwa ya pili: njia imebanwa, kasi inaongezeka mara 1.7, na zile mita 3 zinakuwa 5.

Mbona basi tusitumie ⅞ mwanzo hadi mwisho? Bomba jembamba hukwamisha gesi. Presha ya kurudi ikishuka, kompresa hunyonya gesi hafifu, umeme ukaliwa na ubaridi ukapungua. Ndiyo maana hupunguzwa kipande kinachopanda peke yake.

Umbo la redyusa nalo lina uzito. Ukiiweka kwenye bomba lililolala, kabla ya elbo (kona) ya kupanda, chagua yenye upande mmoja ulionyooka, na upande huo uelekee chini. Ile iliyobanwa pande zote sawasawa huacha kizingiti cha milimita 3 hivi, na oili hutuama nyuma yake.

Kwenye kulehemu, nafasi kati ya bomba na redyusa iwe finyu, milimita 0.05 hadi 0.13, ili madini ya kulehemia yaliyoyeyuka yavutwe hadi ndani. Pasha kopa yenyewe, si kijiti cha kulehemia. Nitrojeni ipite taratibu ndani ya bomba muda wote. Bila hiyo, kopa iliyopashwa moto hufanya magamba meusi yanayokwenda kuziba vichujio.

Dawa hii ya kupunguza bomba ina mpaka wake. Kompresa inayoweza kushuka hadi nusu ya nguvu itashusha pia kasi hadi mita 2.5, na oili itakwama tena. Mtambo wa namna hiyo unahitaji mabomba mawili ya kupandia. Kwa hiyo kasi ipigiwe hesabu mtambo ukiwa kwenye mzigo mdogo kabisa, kabla kopa haijakatwa.