'Sayari ya nje' ni ipi hasa? Enaiposha na kasoro za istilahi zetu

MUHULA huu niliwapa wanafunzi wangu wa somo la tafsiri taarifa fupi kuhusu Enaiposha. Karatasi ya mmoja wao, tena hodari, ilianza hivi: "Enaiposha ni sayari ya nje aina ya Neptuni ya moto, iliyogunduliwa miaka 48 ya nuru iliyopita." Kisarufi, sentensi haina doa. Kimaana imepotea njia mara tatu, na lawama si yake peke yake.

Enaiposha ni sayari iliyogunduliwa mwaka 2009 ikizunguka nyota ndogo nyekundu. Kwa miaka mingi iliitwa GJ 1214 b, jina linalofaa zaidi kubandikwa kwenye gunia la mahindi. Mwaka 2022 Muungano wa Kimataifa wa Wanaastronomia uliualika umma kupendekeza majina ya sayari kadhaa na nyota zake, ukihimiza lugha za kiasili. Kwa mfumo huu lilishinda pendekezo kutoka Kenya, na mwaka 2023 ikatangazwa kwamba nyota ni Orkaria na sayari ni Enaiposha. Ni Kimaasai hicho. Orkaria ni udongo mwekundu wa kujipaka, Enaiposha ni maji makubwa. Aliyewahi kupita Naivasha keshatabasamu. Naivasha ni neno lilo hilo lililovunjikia kwenye ndimi za wageni, na Olkaria ya mitambo ya mvuke iko papo hapo jirani. Hata sarufi ya Kimaasai imeshiriki: kiambishi cha kiume na cha ukubwa kimeiangukia nyota, cha kike na cha udogo kikaiangukia sayari.

Sasa turudi kwa mwanafunzi wangu. "Sayari ya nje" ni ipi? Shuleni tunafundisha kwamba Mshtarii, Zohali, Uranusi na Neptuni ndizo sayari za nje, kwa kuwa ziko mbali na Jua kuliko Mirihi. Neptuni ndiyo ya nje kuliko zote. Halafu tunachukua maneno yale yale na kuyatwika sayari zinazozunguka nyota nyingine kabisa! Msomaji atakayeambiwa kuwa Enaiposha ni "sayari ya nje aina ya Neptuni" ana haki ya kudhani ni jirani yake Neptuni, kumbe nuru yenyewe huchukua miaka 48 kutoka huko hadi kwetu. Hapo ndipo lilipotokea kosa la pili. Mwaka wa nuru hupima umbali, kilomita trilioni tisa na nusu hivi, wala hauwezi "kupita".

Mimi napendekeza *sayari ya ugenini*. Mkenya yeyote anayefuata kandanda anajua ugenini ni wapi: uwanja wa mwenyeji mwingine. Mwenzangu mmoja idarani amelipinga, ati sayari ile iko kwao na wageni ni sisi. Hoja yake ina uzito, nakiri. Lakini neno humtazama mambo anayesema, na anayesema hapa yuko upande huu wa Jua.

Neptuni ya moto nayo? Neptuni yetu ni baridi kupindukia, kwa hivyo kulinganisha huku kunahusu ukubwa na umbile tu. Tena hata ukubwa si sawa. Kipenyo cha Enaiposha ni kama mara 2.7 ya kile cha Dunia, ilhali cha Neptuni ni karibu mara nne. "Neptuni ndogo yenye joto" ingetosha.

Lililonikosesha usingizi ni jingine. Enaiposha huimaliza safari ya kuizunguka nyota yake kwa saa 38 hivi, nayo iko karibu nayo mno hata wataalamu huichukulia kuwa imeikazia uso mmoja daima. Darubini ya James Webb ilipoipima, upande wa mchana ulikuwa na nyuzi 279 za selsiasi, wa usiku 165. Wanafunzi waliandika "wakati wa mchana" na "wakati wa usiku". La hasha! Huko usiku haupiti wala haukuchi. Usiku ni mahali. Na Kiswahili, lugha yenye ngeli nzima ya mahali, kinaweza kulisema hilo kwa silabi moja: *mchanani* na *usikuni*. Usikuni kuna nyuzi 165. Ni lugha ngapi zingelifanya hivyo bila kutoa jasho?

Kuhusu hayo maji makubwa, tahadhari. Uzani wa sayari hii ukilinganishwa na ukubwa wake uliwafanya watafiti wakisie kwamba ina maji tele, lakini imegubikwa na ukungu mzito uliozishinda darubini kwa miaka. Anayeandika kwamba Enaiposha "imejaa maji" amegeuza jina kuwa ushahidi. Na kama maji yamo, asimchoree msomaji ziwa na viboko. Kwa joto lile, afadhali afikirie mvuke wa Olkaria.

Nilisema lawama si ya mwanafunzi peke yake. Kwa miaka kadhaa nami nilifundisha kwamba Neptuni kwa Kiswahili ni Kausi. Nilirithi orodha, sikuihoji. Kausi ni upinde kwa asili yake ya Kiarabu, nalo ni jina la buruji, kundi la nyota ambalo manahodha na wanajimu wa pwani walilijua kabla Neptuni haijagunduliwa kwa darubini mwaka 1846. Walimu niliowafunza wanaendelea kuifundisha hivyo hadi leo. Sina namna ya kuwafikia wote, ila kupitia safu hii.

Kijana alikuja ofisini juzi na karatasi yake yenye wino mwekundu. "Prof, sasa kwenye mtihani niandike ipi?" Nikamwambia aandike sayari ya ugenini na aifafanue inapotajwa mara ya kwanza. Msahihishaji akimkata alama, aende na gazeti hili.